Kilo za Risasi

Nikisema natoka Masaki, watu wa mjini hunitazama viatu. Masaki wanayoijua wao ni ile ya Dar es Salaam, ya mabalozi na kuta ndefu zilizoangukiwa maua. Yangu mimi ni Masaki ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, kwa Wazaramo, kwenye mihogo na mikorosho, ambako gari likipita vumbi hubaki hewani mpaka uchoke kulitazama. Naeleza mapema ili msomaji akikuta habari za nyuklia huko mbele asidhani nimechanganya karatasi. Hapa kwetu hakuna mtambo wa nyuklia. Tanzania nzima haina kinu cha nyuklia. Lakini vyuma chakavu tunavyo, tena vingi, na habari yangu inaanzia huko.

Mjomba wangu ananunua skrepa. Yadi yake imezungushiwa mabati, ina mwembe mmoja, mizani ya kuning'iniza, na ubao ulioandikwa bei kwa chaki: shaba, alminiamu, betri, risasi, chuma. Vijana wanazunguka vijijini na mikokoteni na baiskeli, wananunua sufuria zilizotoboka, majembe yaliyokwisha, rimu, shoka, vitanda vya chuma vya shule. Mzigo ukitosha unakuja Fuso, unapelekwa viwandani, unayeyushwa, unarudi kwetu ukiwa nondo. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu wa Masaki akajengea nyumba yake jembe la babu yake. Nilipenda sana wazo hilo, nikaanza kuandika riwaya.

(Mhariri anaijua riwaya yenyewe, maana sura ya kwanza ameshanirudishia mara mbili.)

Katika riwaya hiyo mnunuzi wa skrepa analetewa kitu kinachowaka mwanga usiku. Rafiki yangu mmoja aliposoma akaniambia, "Dada, hii ilishatokea Brazil." Nikamwomba anionyeshe. Tangu siku hiyo riwaya imelala, na mimi nimekuwa mtu wa kusoma taarifa za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lile lenye makao yake Vienna, kamusi pembeni, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kidato cha nne fizikia yangu haikuwa ya kujivunia. Lakini taarifa hizi, ukivumilia, zina watu ndani yake.

Kisa chenyewe ni cha mji wa Goiânia, mwaka 1987. Zahanati moja ya kutibu saratani kwa mionzi ilihama jengo, ikaacha nyuma mashine yake. Jengo likabaki gofu, nusu limebomolewa. Tarehe 13 Septemba vijana wawili wakaingia, wakaona kile kichwa cha mashine kina chuma kizito cha kuuzika, wakakifungua na kukisukuma nyumbani kwa toroli. Siku hiyohiyo wakaanza kutapika. Wakadhani ni chakula. Siku chache baadaye wakakiuza kwa mwenye yadi ya skrepa. Usiku mwenye yadi akaona mwanga wa bluu unatoka ndani ya kile kikopo. Akakiingiza nyumbani. Akawaita ndugu, majirani, marafiki waje waone. Wakagawana vipande vidogo kama punje za mchele. Wengine wakajipaka ngozini kama mapambo ya sikukuu. Mtoto wa miaka 6 akachezea ule unga, kisha akala kwa mikono ileile.

Ulikuwa ni unga wa sesiamu-137. Wote kwa pamoja haukufika gramu 100.

Aliyewaokoa waliobaki ni mke wa mwenye yadi. Yeye ndiye aliyejumlisha: kila aliyekaa karibu na kitu hiki anaumwa. Tarehe 28 Septemba akakitia kwenye mfuko, akapanda basi pamoja na kijana mmoja wa yadini, akakipeleka kwa watu wa afya. Kesho yake mwanafizikia mmoja akaleta kipimo, na ndipo mji ukajua. Watu wapatao 112,000 walipangwa foleni kupimwa, wengi wao kwenye uwanja wa michezo. Waliokutwa na uchafu wa mionzi walikuwa 249. Wanne wakafa: yule mtoto, yule mama mwenyewe, na vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi yadini. Siku ya kumzika mtoto, watu walirusha mawe makaburini, hawataki azikwe kwao.

Hapo ndipo riwaya nyingi zingeishia. Mimi niligandishwa na yaliyofuata. Maana mtu akishazikwa, unga bado uko. Uko kwenye sakafu, kwenye udongo wa uani, kwenye mapaa, kwenye noti za pesa, kwenye kuku na mbwa. Nani anaufagia? Ukimwambia mtu afagie kitu asichokiona, kisicho na harufu, kisichowasha, na kinachoweza kumwua, utamfundisha nini kwanza?

Goiânia walibomoa nyumba, wakachimba na kuondoa udongo, wakapitisha mashine za kufyonza vumbi ndani na juu ya mapaa. Takataka zote zilifika mita za ujazo 3,500 hivi, zikatiwa kwenye mapipa na makontena, zikahifadhiwa nje ya mji, huko Abadia de Goiás. Linganisha na zile gramu ambazo hazikufika 100. Kitu cha kujaa kwenye kikombe cha kahawa kilizaa takataka za kujaza uwanja. Nilipofika hapo nikaacha kusoma, nikatoka nje kuota jua.

Basi nikaanza kutafuta jinsi wafanyakazi wa kazi hii wanavyofunzwa, wale wanaozima vituo vya zamani vya mionzi, kuvibomoa na kusafisha palipochafuka. Nilitegemea mambo makubwa ya kisayansi. Sehemu kubwa niliyoikuta ni adabu. Nasema adabu kwa maana yetu ya Pwani: namna ya kuingia, ya kusimama, ya kushika na ya kutoka.

Kanuni ni tatu, na hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzishika: muda, umbali na kinga. Kaa muda mfupi. Kaa mbali. Weka kitu kizito katikati. Hiyo ya umbali ndiyo iliyonishangaza. Chanzo kikiwa kidogo, ukiwa mita moja kutoka kwacho ukarudi ukawa mita mbili, mionzi haipungui nusu, inapungua mpaka robo. Hatua moja tu ya kurudi nyuma! Kwenye hesabu za shule ingekuwa kanuni ya kukariri. Hapa ni hatua ya mguu.

Lakini kujua kanuni si kufunzwa. Kufunzwa ni kurudiarudia. Kabla mtu hajaruhusiwa kugusa chombo chenye mionzi, anafanyishwa kazi ileile kwa chombo kitupu, cha umbo lilelile na uzito uleule, huku saa inahesabu. Fungua bolti nne, inua kifuniko, shika kwa koleo refu, weka kwenye chungu cha risasi, funika, toka. Tena. Tena. Mpaka dakika tano zinakuwa tatu, na tatu zinakuwa moja na nusu, na mkono haufikiri tena. Siku ya kazi yenyewe si siku ya kujifunza kitu.

Wazaramo hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Zamani mwali akiwekwa ndani alipewa mwana hiti, yule mwanasesere wa mti mwenye kishungi. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza kama mtoto, miezi yote aliyokaa ndani. Mtoto wa mti hafi ukimwangusha. Mimi niliwekwa ndani wiki mbili tu, likizo ya darasa la saba, kwa sababu ya shule, na mwana hiti sikumshika, bibi alinisimulia. Mengine ya ndani siruhusiwi kuyaandika hapa, na sitayaandika. Ila niliposoma habari za wafanyakazi na chombo chao kitupu nilimkumbuka bibi, kwamba alikuwa na haki kunung'unika wiki zile zilipofupishwa.

Na sehemu ngumu kuliko zote, msomaji, ni kuvua nguo. Kuvaa ni rahisi. Unavaa ovaroli, unavaa glavu jozi mbili, unafunga kwa utepe pale glavu inapokutana na mkono wa nguo, unavaa vifuniko vya viatu, unavaa kinyago. Unafanya kazi, huli, huvuti sigara, hujikuni pua hata ikiwasha namna gani. Ukimaliza, umechoka, umelowa jasho, unataka kuvirarua vitu vile utoke. Hapo ndipo watu huchafuka. Kwa hiyo wanafunzwa kuvua polepole, wakikunja nje iwe ndani, kama mtu anayemenya ndizi kinyumenyume, kiatu kimoja kinavuliwa na mguu unatua upande wa pili wa mstari, ndipo kingine. Anayekusaidia amesimama upande safi na kipimo mkononi, anakupitishia polepole viganjani, nyayoni, usoni. Kipimo kikilia, unarudi. Hakuna kuoneana haya, hakuna mkubwa.

Kila mmoja amebandika kifuani kipimo kidogo kinachoweka hesabu ya mionzi aliyopata. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa mtu wa kawaida, ni 1. Hesabu ikijaa, mfanyakazi anatolewa, hata kama kazi haijaisha, hata kama ndiye fundi pekee. Nililipenda hilo. Sijui kazi nyingi ambazo mtu huambiwa "umeshatosha, nenda nyumbani" kwa faida yake.

Si kila mahali walipata nafasi ya kufunzwa hivyo. Chernobyl ilipolipuka Aprili 1986, watu wapatao 600,000 waliandikishwa kwa miaka iliyofuata kuja kusafisha. Juu ya paa, kwenye vipande vilivyorushwa na mlipuko, roboti zilishindwa kufanya kazi. Wakapelekwa askari wa akiba na sepetu. Mtu alikimbia, akachota sepetu moja au mbili, akatupa shimoni, akarudi. Dakika moja na nusu hivi, na kiwango chake cha maisha kilikuwa kimekwisha. Mafunzo yao yalikuwa maelekezo ya mlangoni. Sizungumzii ushujaa wao, umeandikwa na wanaojua zaidi. Natazama tu saa: wengine walifanya mazoezi majuma kadhaa kwa ajili ya dakika moja, hawa walipewa dakika yenyewe.

Nyumbani kwetu je? Watu wakisikia mionzi na Tanzania hutaja urani ya Mto Mkuju, kule Namtumbo, ambako mtambo wa majaribio ulizinduliwa Julai 2025. Hiyo ni habari kubwa na wenyewe wataiandika. Mimi nafuata vitu vidogo. Mionzi imeingia nchi hii kimyakimya, kwa mlango wa hospitali na wa mainjinia: mashine za kobalti za kutibu saratani, vifaa vya kupimia ugumu wa udongo barabara zinapojengwa, vya kukagulia maungio ya mabomba, vya kupimia vimiminika viwandani. Vinafanya kazi nzuri, halafu vinazeeka. Sheria ya kwanza ya kinga ya mionzi ilitungwa mwaka 1983, na ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo vyanzo vilivyochoka hukusanywa na kuhifadhiwa chini yake kule Arusha.

Mwaka 2009 vilikuja vitu ambavyo natamani ningeviona. Wataalamu wa Afrika Kusini, kutoka kituo cha Pelindaba karibu na Pretoria, wakisaidiana na hilo shirika la Vienna, walikuwa wametengeneza chumba cha kubebeka cha kufungulia vyanzo vikali vya mionzi, kama vile vya mashine za saratani. Walikifanyia majaribio kwao kwanza mwaka 2007. Kisha wakakipeleka Sudan, halafu wakaja nacho Tanzania. Unajua kuta zake zilikuwa nini? Mabamba mawili ya chuma, na katikati mchanga. Mchanga mtupu, unene wa mita moja na nusu hivi! Chuma kinasafirishwa, mchanga unachotwa palepale. Fundi anasimama nje, anatazama kupitia dirisha nene, anafanya kazi ndani kwa mikono mirefu ya chuma. Kazi ikiisha, kuta zinamwagwa, mchanga unarudi kuwa mchanga.

Nilimsomea Mjomba habari hii. Mjomba ameshawahi kuuza mchanga wa kujengea kabla ya skrepa. Akasema, "Sasa hao ni watu wenye akili. Kumbe dawa yenyewe lori tano tu." Kisha akauliza swali ambalo taarifa zote nilizosoma hazikuwa zimelijibu. "Hao mabwana walifunzwa. Sasa aliyekiokota kwanza, alifunzwa na nani?"

Nilikaa kimya. Maana ukizitazama ajali hizi moja baada ya nyingine, mtu wa kwanza kugusa si yule mwenye ovaroli. Ni mtu wa skrepa. Ciudad Juárez, Mexico, mwaka 1983: mashine ya kobalti iliyokaa stoo miaka haijatumika, fundi umeme akaitoa na kuiuza kwenye skrepa, ndani yake mlikuwa na vipunje zaidi ya 6,000, vikamwagika njiani, vikayeyushwa pamoja na chuma, vikawa nondo na miguu ya meza. Iligunduliwa Januari 1984 kwa bahati tu, pale lori lililobeba nondo hizo lilipopotea njia likapita kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, penye vipimo, king'ora kikalia. Nyumba zikabomolewa kwa ajili ya nondo zake. Samut Prakan, Thailand, mwaka 2000: kichwa cha mashine ya kobalti, yadi ya skrepa, watu watatu wakafa. Alama ya mionzi ilikuwepo. Onyo kwa Kithai halikuwepo. Delhi, India, mwaka 2010: mashine ya chuo kikuu ikauzwa kwenye mnada, ikafika soko la skrepa la Mayapuri, mtu mmoja akafa.

Chuo kikuu! Watu wenye shahada wamekiuza, mtu wa nyundo amekufa.

Basi nikachora ile alama kwenye karatasi, zile pembe tatu nyeusi kuzunguka kitone, kwenye rangi ya njano, nikaenda nayo yadini Jumamosi, siku wanayojaa. Nikawauliza mmoja mmoja wakiwa wamekaa chini ya mwembe wanasubiri kupimiwa.

"Pangaboi," akasema wa kwanza.

"Pangaboi, sista. Lile la juu."

"Hapana, hii ni ya meli. Inayozunguka nyuma."

Mmoja, mkubwa kidogo, aliitazama sana akasema ameshaiona hospitali kwenye mlango wa eksirei, na kwamba maana yake ni usiingie na simu. Wakacheka. Mjomba naye akasema feni.

Nisije nikaonekana nawacheka watu wangu. Wataalamu wenyewe waliuliza swali hilihili India, Brazil na Kenya, na walioitambua alama hiyo walikuwa asilimia 6 tu. Ndiyo maana mwaka 2007 ikatolewa alama mpya, pembetatu nyekundu: juu miale inashuka, chini fuvu la kichwa na mifupa, na pembeni mtu anakimbia. Inabandikwa ndani ya chombo, karibu na chanzo chenyewe, mahali ambapo utaiona pale tu umeshaanza kufungua. Nikachora na hiyo. Safari hii hakuna aliyesema feni. Kijana mmoja akasema, "Hapo unakufa. Kimbia." Hakuhitaji semina. Kwa hiyo inawezekana, nikajisemea, mafunzo ya dakika mbili yakaingia.

Lakini vyombo vya zamani, vya kabla ya 2007, havina mtu anayekimbia. Vina pangaboi, au utepe uliofutika, au maandishi ya lugha ya aliyekitengeneza. Kwa hiyo maelekezo kwa watu wa skrepa yanaongeza dalili ya pili: kitu kidogo kilicho kizito kupita umbo lake. Ukiinua kiboksi cha ukubwa wa debe ukakuta kinakushinda, huenda ni risasi imezunguka kitu, na risasi haizungushwi kitu bila sababu. Usikate. Usipige nyundo. Rudi nyuma, zuia wengine, ita watu: mwenyekiti wa kijiji, polisi, nao waite Tume.

Niliyasoma hayo kwa sauti pale chini ya mwembe, na nikiwa nasoma niliona nyuso zinabadilika, si kwa hofu. Mjomba ndiye aliyesema.

"Mpwa wangu, umesema kidogo, kizito kupita umbo lake."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na ndani yake risasi."

"Ndiyo."

Akaninyooshea ubao wa bei. Risasi ilikuwa imeandikwa juu ya chuma, tena mbali. Akasema, "Hawa vijana nimewafundisha mimi. Siku ya kwanza namwambia kila mmoja: usidanganyike na ukubwa, inua. Kizito kuliko kinavyoonekana, ndiyo pesa. Wewe leo unakuja kuwaambia kizito kuliko kinavyoonekana, ndiyo kifo. Sasa watamsikiliza nani, mwalimu au mizani?"

Sikuwa na jibu la kitabuni. Wale vijana wa Goiânia waliingia kwenye lile gofu kwa sababu hiyohiyo, walitafuta chuma kizito na wakakipata. Fundi wa Juárez vilevile. Dalili ya hatari na dalili ya faida ni dalili moja, imeshikwa kwa mkono mmoja, na tumbo la anayeishika limeamka tangu alfajiri halijapata chai. Mfanyakazi mwenye ovaroli analipwa mshahara ili arudi nyuma hatua moja. Huyu wa mkokoteni akirudi hatua moja amepoteza siku. Unaweza kumfundisha alama zote za ulimwengu. Kama kurudi nyuma ni hasara yake peke yake, basi somo lako ni la kwako.

Tulibishana mpaka Fuso likaja. Mjomba si mtu wa kushindwa mbele ya vijana wake, lakini pia amezika watu, na ile habari ya mtoto aliyekula kwa mikono yenye unga ilimkaa. Niliona anawafukuza watoto wa jirani waliokuwa wanacheza juu ya lundo la betri, jambo ambalo siku zote hulinyamazia. Jioni, mzigo ulipoondoka, akachukua chaki. Chini ya neno risasi akaandika: KIBOKSI KIZITO KISICHOFUNGUKA USIFUNGUE USILETE NIITE. Mimi nikachora pembeni yule mtu anayekimbia. Kichwa chake kilitoka kikubwa.

Kijana mmoja akausoma ubao polepole, akauliza, "Sasa hicho kilo shilingi ngapi?"

"Hicho hakipimwi."

"Basi mimi nitampelekea yule wa Kibaha, yeye anapima kila kitu."

Mjomba akasimama na chaki yake. Nilimwona anapiga hesabu, midomo inacheza. Kisha akaandika mbele ya yale maneno: 10,000. Akamgeukia kijana.

"Hiyo ni ya kuniita. Ukiniletea hapa, hupati hata senti. Umenielewa? Nakulipa mguu wako, sikulipi mzigo."

"Na kama nikikuita halafu ikawa ni feni kweli?"

"Nitakulipa, halafu nitakutukana."

Vijana wakacheka, wakaanza kukunja magunia. Yule aliyeuliza hakuondoka na wenzake. Akasogea karibu na ubao, akautazama tena, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kule kwenye lile jengo la kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara, nyuma ya mikorosho, kuna mtu alishawahi kwenda kuangalia.